Boza moja kila dakika nne

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, ndani ya saa 24 hivi. Ukigawanya ni watu 174 kila dakika, usiku na mchana, katika wilaya ileile iliyo na kata ya Mabawe.

Chukua dumu la lita 20. Mkimbizi anahitaji angalau robo tatu yake kwa siku, lita 15 za kunywa, kupikia na kuoga. Kwa watu hao wote ni lita 3,750,000. Boza la maji la lita 10,000 litamwaga mara 375, yaani karibu kila dakika nne bila dereva kulala. Vyoo, tundu moja kwa watu 20, ni matundu 12,500.

Ngara ilihimili mzigo ule, na naiona sababu kubwa katika Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, Warundi wengi walikimbilia Tanzania, hivyo Aprili ilikuta mashirika yapo Ngara na akiba, magari na watu waliokwisha kuzijua barabara na vyanzo vya maji. Julai, Goma, Zaire, ilipokea wakimbizi wa Rwanda hadi 1,000,000 kwa siku chache; kipindupindu na kuhara damu viliua wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Sisemi tofauti yote ni ujuzi. Goma ilielemewa karibu mara nne, tena juu ya mwamba wa volkano usiochimbika. Lakini ile miezi sita ya Ngara ilikuwa na uzito wake.

Baada ya Goma, mwaka 1997 mashirika yalianzisha Sphere, mpango wa viwango vya misaada, na ndimo zilimoandikwa lita 15 na watu 20. Kitabu kikapatikana. Wenye ujuzi wakatawanyika: Desemba 1996 Wanyarwanda karibu 480,000 walirejeshwa kwao, mikataba ya kazi ikaisha. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi Warundi walijazana Kagunga, Kigoma, kipindupindu kikaua zaidi ya 30. Lita 15 zilikuwa zimeandikwa zamani.

Aliyeendesha boza katika kambi ya Benaco, Ngara, mwaka 1994 akiwa na miaka 25 alitimiza 50 mwaka 2019. Halmashauri ya Ngara, watumeni vijana na daftari kwa watu kama huyo, wakaandike barabara zilizopitika masika na visima vilivyotoa maji, kata kwa kata, Mabawe ikiwemo.