Usidanganyike na upole wa koala

Vijana wetu wa Pwani wanaosoma Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel, wanaijua mikaratusi. Imepandwa kwa wingi Uasin Gishu kwa ajili ya nguzo za stima, mbao na kuni. Asili yake ni Australia, na huko ndiko aliko koala, yule mnyama wa manyoya ya kijivu ambaye picha zake akikumbatiwa na watalii huzunguka sana kwenye simu. Wapo wanaouliza: mti tumeuleta, mbona mnyama hatukumleta tukamfuga?

Jibu linaanzia tumboni mwake. Majani ya mkaratusi yana sumu na lishe yake ni haba. Koala huyamudu kwa sababu ini lake huivunja sumu hiyo, na utumbo wake una bakteria wa kumsaidia kusaga. Mtoto huwapata bakteria hao kwa kula kinyesi laini cha mamake kabla hajaanza majani. Kwa kuwa chakula chenyewe kina nguvu kidogo, koala hulala hata saa 20 kwa siku.

Hapo ndipo watu hukosea. Wanamwona ametulia, wanadhani anafurahia kushikwa. Kumbe kutulia kwake ni kubana matumizi ya nguvu, na kushikwashikwa humtia wasiwasi. Akishtuka ana kucha kali za kupandia miti na meno ya kuuma. Ndiyo maana jimbo la New South Wales limekataza wageni kumkumbatia, na mwaka 2024 hifadhi ya Lone Pine mjini Brisbane iliacha kuwapa wageni koala wa kubeba.

Sisi hatuna koala, lakini tuna wa kwetu. Diani kuna mbega, naye ni mla majani mwenye tumbo la aina yake. Ukimpa mkate au biskuti unamharibu. Komba naye hutua usiku kwenye minazi, macho makubwa, sura ya kuhurumiwa. Mtoto akimwokota huona amepata kidoli. Lakini komba huuma, na mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kubeba kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea ni nadra sana mtu kupona.

Mtoto akiumwa au akiparuzwa, usipake majivu wala kitunguu. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali akadungwe chanjo siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama pori bila kibali. Ukimkuta komba au mbega ameumia, weka watoto na mbwa mbali, usimshike, na uwaarifu maafisa wa KWS. Viumbe hawa ni amana kwetu. Huruma ya kweli kwao ni kuwaacha mitini mwao.