Kifyatulio cha Bastola

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na askari akikosa shabaha husingizia bastola. Je, kifyatulio cha kiwandani kibadilishwe?

Bastola ya Glock 17, iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, hufyatuliwa kwa nguvu ya kilo 2.5 hivi. Polisi wa jiji la New York, Marekani, waliona hiyo ni kidogo. Wakaamuru kifyatulio cha zaidi ya kilo 5, ili risasi isitoke kwa bahati mbaya. Lakini kidole kinachovuta kwa nguvu nyingi huyumbisha mtutu. Agosti 2012, karibu na jengo la Empire State, askari wawili walipomkabili muuaji walifyatua risasi 16, na wapita njia 9 wakajeruhiwa. Haiwezi kudaiwa kwamba kosa lilikuwa la kifyatulio peke yake. Hata hivyo, mwaka 2021 askari wapya walianza kupewa kilicho chepesi zaidi.

Kifyatulio chepesi mno nacho ni hatari, kwani mkono wenye hofu huweza kuua pasipo kukusudia. Basi kwanza silaha isafishwe, fundi aikague, na mwenyewe azidishe mazoezi. Kubadilisha kipuri ni uamuzi wa jeshi, wala si wa askari mmoja.