Mikono Imepona, na Akili Je?



Fikirini kijana wa hapa Nanighi aliyeanguka na bodaboda, kichwa kikapiga barabara. Baada ya majuma machache kidonda kimefunga, anatembea, anakula. Watu wasema amepona. Lakini akitumwa vitu vitatu dukani, huleta kimoja. Akilima kidogo, huchoka. Akiulizwa, hukasirika. Ndipo maneno huanza: “Ni mvivu huyu,” au, “Amerogwa.”

Sivyo, ndugu zetu. Ubongo ni laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kinapopigwa hutikisika, na nyuzi zake nyembamba zipelekazo habari huumia. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hupanga kazi na kuzuia hasira. Jeraha hilo halionekani kwa macho.

Mwaka 1848 huko Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, alitobolewa kichwa na mtaimbo uliorushwa na baruti. Aliishi, lakini tabia yake ikabadilika, asirudishiwe usimamizi. Hata hivyo, baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa. Kazi yenye utaratibu ule ule kila siku aliiweza.

Basi tufanyeje? Tumpe mgonjwa wetu kazi moja kwa wakati mmoja. Aanze asubuhi, kwa muda mfupi, kisha apumzike. Mambo ya siku yaandikwe katika daftari. Kazi iongezwe kidogo kidogo. Asipande mwembe, asiendeshe pikipiki, wala asivuke Tana kwa mtumbwi peke yake, mpaka daktari aruhusu. Na yeyote aliyepigwa kichwa, akitapika, akisinzia kupita kiasi, au maumivu yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.

Katika Marko 8 twasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Alipoguswa mara ya kwanza, aliona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumkemea wala hakumwacha. Alimwekea mikono tena. Ikiwa Bwana mwenyewe aliponya kwa hatua mbili, sisi ni nani hata tumharakishe ndugu yetu? Tena wako wasiorudia kamwe uwezo wao wa zamani. Hao nao ni wana wa nyumba, kwa maana Mungu hampimi mtu kwa jembe lake.

Bwana atupe subira ya kuweka mikono mara ya pili, na ya tatu. Amina.