Samaki wa Vuli: Mwongozo kwa Anayenunua na Anayevua kwa Ndoana Makoko na Mito Jirani

Mvua za vuli huanza kunyesha mkoani Mara kuanzia mwezi Oktoba, na kwa wakazi wa Makoko na kata nyingine za Musoma, mvua hizo huleta sokoni samaki ambao miezi mingine ni adimu. Mito iliyokuwa imenywea hupata maji, mabonde ya matete hufurika, na samaki waliokuwa ziwani huanza kupanda. Makala hii imekusudiwa kwa mlaji anayewanunua samaki hao, na vilevile kwa mwananchi anayetaka kutwaa mshipi na ndoana siku ya mapumziko akavue mwenyewe. Tumeziweka habari hizo mahali pamoja kwa sababu mara nyingi ni watu wale wale, na yanayowadhuru hayatofautiani sana.

Tuanze na samaki asiyekuwapo. Siku hizi filamu kutoka Ulaya na Marekani huonyesha watu waliosimama ndani ya vijito vya maji baridi, majani ya miti yakipukutika, wakirusha mshipi wenye ndoana iliyovishwa manyoya mfano wa nzi. Samaki wanayemtafuta huitwa trauti. Asili yake si Afrika Mashariki. Aliletwa Kenya mwaka 1905, akapandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare, na baadaye akaenezwa katika mito mingine ya nyanda za juu, ikiwamo michache ya Tanzania. Huko anaishi kwa sababu maji ni baridi na yana hewa nyingi. Maji yakikaa kwa muda mrefu juu ya nyuzi 20 za Selsiasi, trauti hudhoofika. Nayo maji ya juu ya Ziwa Viktoria huwa na joto linalozidi hapo mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akikuletea vifaranga vya trauti kwa ajili ya bwawa lako la Makoko, Bunda au Butiama, elewa kwamba anakuuzia ama samaki wa jina jingine, ama samaki watakaokufa kabla hujala hata mmoja. Joto la huku linawafaa sato na kambare. Vifaranga vyao vinunuliwe kwa mzalishaji anayefahamika kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na stakabadhi idaiwe siku ile ile ya malipo.

Hata hivyo, tabia moja ya trauti wa Ulaya inayo mfano wake hapa kwetu. Trauti wa kahawia hupanda vijito majira ya kupukutika majani ili akatage. Anayefanya hivyo katika ukanda wa Ziwa Viktoria ni ningu. Huyu huishi ziwani, lakini mvua zikijaza mito hupanda dhidi ya mkondo, akaingia hadi kwenye mbuga zilizofurika, akataga na kurudi. Mto Mara, unaoanzia Mau nchini Kenya na kuingia ziwani katika ghuba iliyo jirani na Musoma, ni njia yake ya siku nyingi. Mito midogo kama Suguti nayo hupata uhai wakati wa mvua.

Wazee wa pwani hii ya ziwa husimulia kwamba ningu alikuwa samaki wa kawaida kabisa, tena wa kuheshimiwa mezani kwa sababu ya mayai yake. Leo ni haba. Sababu inajulikana. Nyavu za makila ziliingia katika Ziwa Viktoria mwaka 1905, mwaka ule ule ambao trauti aliletwa Kenya, na miongo iliyofuata zikawa zinatandazwa kwenye midomo ya mito wakati hasa ningu anapopita akiwa amejaa mayai. Samaki anayepita mlango mmoja, kwa majuma machache ya mwaka, ni rahisi kummaliza. Kabla sangara hajapandikizwa ziwani na kuenea, ningu alikwisha kupungua sana.

Jambo hili linamhusu mlaji moja kwa moja. Ningu mwenye tumbo lililofura sokoni mwezi Novemba au Aprili ni samaki aliyekuwa njiani kwenda kutaga. Hatukuambii umsuse kila ningu unayemwona. Tunakuomba umuulize muuzaji amevuliwa wapi. Akijibu kwamba ametoka mdomoni mwa mto au ndani ya eneo la mazalia lililofungwa, basi una haki ya kukataa, na ni vyema ukatae. Ukiambiwa kuwa ningu huyo ni wa ndoana, pokea maneno hayo kwa tahadhari. Ningu ana midomo minene iliyoelekea chini, ya kukwangua mwani na kula mabaki yaliyotulia tope; ni nadra ashike chambo. Tunalitaja hili kwa sababu neno “wa ndoana” hutumika sokoni kupandisha bei, kwa imani kwamba samaki wa ndoana hakukaa wavuni akaharibika. Kwa sangara na kambare maneno hayo yanaweza kuwa kweli. Kwa ningu hayaelekei.

Kuhusu samaki wa ndoana wenyewe, sangara wengi wanaofika mialoni huvuliwa kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, iitwayo migonzo, ambayo chambo chake mara nyingi ni furu au vifaranga vya kambare. Samaki aliyemeza ndoana huweza kuuzwa nayo ikiwa bado kooni. Kabla ya kumkata, mfungue kinywa, tazama nyuma ya mashavu, na upapase koo kwa mpini wa kijiko wala si kwa kidole. Anayenunua kichwa cha sangara kwa ajili ya supu azingatie hili zaidi ya wengine, maana ndoana haiyeyuki chunguni, na mtoto hupewa kichwa bila mtu kuwaza.

Urefu wa samaki nao una sheria. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zinakataza sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Katazo hilo halimwangukii mvuvi peke yake. Linagusa pia anayekutwa na samaki hao na anayewafanyia biashara. Mama lishe anayenunua ndoo ya sato wachanga kwa sababu ni nafuu anajiweka hatarini kupoteza mtaji wake kwa ukaguzi mmoja. Asiye na kipimo anaweza kutumia karatasi ya kawaida ya ofisini, ya ukubwa wa A4, ambayo upande wake mrefu ni sentimita 29.7. Sato halali aweza kupungua kidogo kwenye karatasi hiyo, lakini akipungua kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu, mwache.

Sasa usalama wa chakula. Dalili za samaki mbichi aliye mzima mnazijua: jicho liwe limejaa na linang’aa, mashavu yawe mekundu wala si ya rangi ya kahawia, nyama ikibonyezwa irudi, na harufu iwe ya ziwa, isiwe ya kuvunda. Tunaongeza mambo mawili ambayo wengi huyasahau wakati wa vuli.

La kwanza ni samaki walioelea. Mwezi Machi 2022, maji ya Mto Mara katika eneo la Daraja la Kirumi yaligeuka kuwa meusi, yakanuka, na samaki wengi wakafa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo na ikaunda kamati ya wataalamu kuchunguza. Mjadala juu ya chanzo ulikuwa mrefu, nasi hatuurudii hapa. Kwa mlaji, inatosha kujua kwamba mvua kubwa inaweza kusukumia mtoni samadi, mimea iliyooza na mengineyo, hewa ikapungua majini, na samaki wakafa kwa pamoja. Samaki aliyekufa hivyo haijulikani amekaa saa ngapi juani, wala amemeza nini. Asiokotwe, asinunuliwe, asikaushwe. Moshi na chumvi huficha harufu, haviponyi samaki aliyeoza.

Wala usidanganyike na kambare anayetapatapa kwenye beseni. Watu husema: “Si unaona yuko hai?” Kambare, kama kamongo, anaweza kuvuta hewa ya juu, na ndiyo sababu huishi mahali ambapo sato angekufa mapema. Uhai wake hauthibitishi kwamba maji alimotoka yalikuwa safi. Muulize muuzaji alikotoka. Kama ni mtaro wa mjini au dimbwi lililo chini ya josho la mifugo, tafuta mwingine.

La pili ni sumu. Katika mito midogo, maji yanapoanza kupungua baada ya mvua na samaki kubaki kwenye vidimbwi, wapo wanaovua kwa kumwaga dawa za kuulia wadudu. Ni kosa la jinai na ni hatari kwa afya. Hakuna jicho linaloweza kuthibitisha sumu, wala kupika si njia ya kuiondoa. Lakini fungu lenye samaki wa aina zote na wa ukubwa wote pamoja, hata vifaranga vya urefu wa kidole, wasio na alama ya wavu mwilini wala jeraha la ndoana mdomoni, na ambalo muuzaji anataka liondoke haraka kwa bei ya kutupa, lapaswa kukutia shaka. Aliyekula kisha akaanza kutapika, kutoka jasho au mate mengi, au kutetemeka misuli, apelekwe kituo cha afya mara moja. Na mabaki ya samaki yahifadhiwe ili yaonyeshwe kwa mganga.

Kuhusu mizani tutasema machache. Mizani ya biashara hupaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Angalia kama mshale unasimama kwenye sifuri kabla samaki hajawekwa, na kama sahani au beseni linalotumika limeondolewa kwenye hesabu. Anayeuza kwa mafungu hana mizani. Hapo macho yako ndiyo kipimo, na kupatana bei si utovu wa adabu.

Tumgeukie sasa anayetaka kuvua mwenyewe. Uvuvi wa mshipi na ufito ni burudani nzuri, tena hauhitaji gharama kubwa: mshipi, ndoana chache, chubwi, chelezo na nyungunyungu wa kambare vinatosha. Ndoana ya manyoya mnayoiona katika filamu si lazima, na maji ya vuli yaliyojaa tope hayaifai, kwa kuwa samaki anapaswa kuiona ndipo aifuate. Kabla ya kwenda, fika kwa afisa uvuvi wa kata au wa halmashauri, au kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, uulize unahitaji leseni gani na maeneo gani yamefungwa. Usikubali “kibali” cha mdomo kutoka kwa mtu uliyemkuta ufukweni akidai ada. Malipo halali ya serikali huwa na namba ya malipo na stakabadhi.

Jambo ambalo halifai kuigwa kabisa ni kusimama majini. Mvuvi wa trauti hukaa ndani ya kijito kwa saa nyingi, naye hupatwa na baridi tu. Kwenye kingo za Ziwa Viktoria na vijito vinavyoingia humo kuna konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi iliyo ndani ya maji bila mtu kuhisi chochote. Kichocho cha ukanda huu kwa kiasi kikubwa ni cha tumbo: huharibu utumbo na ini polepole, miaka ikipita. Vua ukiwa nchi kavu, au vaa buti za mpira zisizopitisha maji. Mtu aliyezoea kuingia majini apimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi, ingawa haimkingi mtu asiambukizwe tena.

Mto Mara una mamba na viboko. Wakati wa mafuriko wanyama hao huwa hawapo mahali walipozoeleka kuonekana, na maji ya tope huwaficha. Usikae kwenye ukingo ulio sawa na maji, usifue wala kupaa samaki hapo hapo unapovulia, na ondoka kabla jua halijazama, maana viboko hutoka kwenda malishoni usiku na humgonga anayewazuia njia. Mtoto asitumwe peke yake kutega ndoana za usiku. Anayekodi mtumbwi adai jaketi la kuokolea maisha kabla ya kulipa. Asipopewa, fedha yake ibaki mfukoni.

Ukipata samaki, mchinje na kumtoa matumbo mapema, umweke kivulini katika matete mabichi au barafu. Ningu ana miiba midogo mingi ndani ya nyama, kwa hiyo mtoto mdogo asipewe pasipo mtu mzima kumchambulia. Desturi ya kumkata mikato ya karibu karibu mgongoni kabla ya kumkaanga ni nzuri, kwani miiba hukatika na kulainika.

Mlaji aliyeuziwa samaki mbovu au waliopunjwa uzito aende kwanza kwa uongozi wa soko au mwalo siku hiyo hiyo, akiwa na samaki mwenyewe. Suala la mizani lifikishwe Wakala wa Vipimo. Samaki wachanga, kokoro au sumu, kwa afisa uvuvi. Ugonjwa baada ya kula, kwa afisa afya wa kata. Chukua jina la kizimba au alama ya mtumbwi, saa ya kununua na kiasi ulicholipa. Malalamiko yenye mambo hayo hufuatiliwa kwa urahisi, na samaki akishatupwa jalalani mara nyingi huwa hakuna tena cha kufuatilia.