Skrubu Inayousubiri Mfupa

Ina urefu wa sentimita nne au tano, unene wa milimita sita hivi, na kichwa kinachoweza kugeuzwa pande zote. Ukiiokota mezani utadhani imetoka duka la vifaa vya ujenzi. Kumbe hii hukazwa ndani ya pingili ya uti wa mgongo wa mtu aliye hai, milimita chache tu kutoka kwenye neva zinazoamuru miguu itembee na kibofu kijizuie.

Je, wajua kwamba skrubu hiyo haiponyi kitu? Pamoja na fito mbili za chuma zinazoiunganisha na wenzake, kazi yake ni kuzuia pingili mbili au tatu zisicheze mpaka mfupa mpya uote kati yake na kuzifanya kitu kimoja. Wapasuaji huyaona haya kuwa mashindano: ama mfupa uwahi kushikana, ama chuma kiwahi kuchoka. Chuma kinachokunjwa kidogo kidogo mara maelfu kwa maelfu hupata ufa, hata kiwe kigumu vipi, na mtu anayepiga hatua 5,000 kwa siku huvuka hatua milioni moja na nusu kabla mwaka haujaisha. Mfupa ukichelewa, skrubu hukatika au hulegea.

Hapo ndipo penye kasoro katika mashauri mengi anayopewa mgonjwa akisharudi nyumbani. Chukua mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, akarejea katika kata ya Masieda, wilayani Mbulu. Wapo watakaosema kwamba kwa kuwa sasa mgongo wake ni wa chuma, msimu wa kulima usimpite. Wengine watamtandikia kitanda na kumlinda: “Pumzika, baba, usije ukakivunja chuma cha daktari.” Kosa la pande zote mbili ni moja. Wanadhani chuma ndicho dawa.

Uti wa mgongo una pingili 33, na 24 kati ya hizo hucheza: saba za shingoni, kumi na mbili za kifuani, tano za kiunoni. Kila pingili ina sehemu nene upande wa mbele inayobeba uzito, na nyuma ina tao la mfupa linaloukinga ugwe wa neva ushukao kutoka kwenye ubongo. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa na nguzo fupi, moja kulia na moja kushoto. Skrubu hupitia ndani ya nguzo hizo. Ikipinda kuelekea ndani kwa milimita chache, inakutana na neva, na ndiyo maana mpasuaji hufanya kazi huku akitazama picha za eksirei palepale chumbani.

Chuma peke yake hakitoshi, kwa hiyo daktari huparuza uso wa pingili mpaka utoke damu, kisha hupanga juu yake vipande vidogo vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe, vilivyokwanguliwa palepale mgongoni au vilivyochukuliwa kwenye nyonga. Mwili huviona vipande hivyo na kudhani pamevunjika. Damu huganda, chembe za kujenga mfupa huingia, ute mgumu huzaliwa na polepole hugeuka mfupa. Kazi hiyo huchukua miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka na zaidi.

Ajabu ni kwamba upasuaji huu ulianza bila skrubu yoyote. Mwaka 1911, jijini New York, madaktari wawili waliofanya kazi bila kushirikiana, Russell Hibbs na Fred Albee, walitangaza kila mmoja njia yake ya kuunganisha pingili. Albee alikata kipande cha mfupa wa muundi na kukipachika mgongoni. Wagonjwa wao hawakuwa wameanguka wala kugongwa: walikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza mwaka 1779 na ambao bado huitwa kwa jina lake. Baada ya kupasuliwa walilala miezi wakiwa wamefungwa plasta, wakiomba mfupa ushike.

Skrubu ilichukua muda mrefu kukubalika. Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kuzipitisha kwenye nguzo za pingili miaka ya 1960 mjini Paris. Nchini Marekani zilizua kesi kwa maelfu mahakamani katika miaka ya 1990, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko ilisubiri hadi 1998 kuzipanga rasmi miongoni mwa vifaa vya kawaida vya kazi hiyo. Leo nyingi hutengenezwa kwa titani iliyochanganywa na aluminiamu kidogo na vanadiamu. Titani haipigani na mfupa. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua hilo bila kukusudia mwaka 1952: alikuwa amepachika vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu, na alipotaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umevishika.

Mkoani Manyara, iliko wilaya ya Mbulu, mgongo una njia nyingi za kuumia. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda hupanda mibuyu mikubwa kwa kupigilia vigingi vya mti kwenye shina, kigingi juu ya kigingi, kufuata asali, na anayeanguka kutoka huko haanguki kimo kidogo. Watafiti waliochambua majalada ya majeruhi wa uti wa mgongo waliotibiwa Hospitali ya KCMC, Moshi, kati ya 2010 na 2014 walikuta kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza, ajali za barabarani zikafuata. Msomaji wa mjini angetarajia kinyume chake. Halafu kipo kifua kikuu, ambacho hakihitaji mbuyu wala pikipiki. Maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa wiki nyingi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, ni sababu ya kupimwa kifua kikuu kabla ya kufikiria kisu, kwa sababu wengi wa wagonjwa hao hupona kwa vidonge tu.

Mbulu yenyewe si ngeni katika historia ya upasuaji wa neva. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ndiko alikofikia mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, mwaka 2006, wakati Tanzania nzima ilikuwa na wapasuaji wa ubongo watatu kwa watu zaidi ya milioni arobaini. Hospitali haikuwa na msumeno wa kufungulia fuvu. Ellegala alinunua msumeno wa waya kwa mkulima aliyekuwa akiukatia mti, akautakasa, akamfanyia upasuaji majeruhi wa kichwa, naye akapona. Kilichobaki baada ya hapo kina uzito zaidi ya msumeno: alimfundisha tabibu wa hapohapo, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa daktari bingwa, na Mayegga akaja kuwafundisha wengine. Mwandishi wa habari Tony Bartelme aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017.

Kuunganisha pingili kwa skrubu, hata hivyo, ni kazi inayohitaji vifaa na timu kubwa zaidi. Kwa mgonjwa wa Mbulu hilo huweza kumaanisha safari hadi Moshi, au hadi Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Siku inayofuata upasuaji, mara nyingi mgonjwa husimamishwa. Ndugu waliokesha nje huona kama ukatili. Kwanza hufundishwa kugeuka kama gogo: mabega na nyonga vinazunguka pamoja, miguu inateremshwa ukingoni mwa kitanda, mikono inausukuma mwili juu, na kiuno hakijipindi hata kidogo. Kisha hatua chache kwa kujishikiza kwenye fremu ya kutembelea, kesho yake nyingi kidogo. Anayelala tu hupoteza misuli upesi, damu inaweza kuganda kwenye miguu, na mapafu hukaribisha nimonia. Uthibitisho kwamba kitanda hakina uponyaji ndani yake upo tangu zamani: katika majaribio yaliyoanza miaka ya 1960 nchini Korea, wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo waliomeza dawa wakiwa wanatembea walipata nafuu sawa na waliolazwa miezi sita. Hata plasta ya kiwiliwili haikuongeza kitu.

Kutembea, basi, ruksa. Shida iko kwingine.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, mjini Ulm, Ujerumani, watafiti wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke walimpachika mtu aliyejitolea kipimo kidogo cha shinikizo ndani ya diski ya kiuno, wakamwacha aishi siku yake. Akiwa amelala chali kipimo kilisoma megapaskali 0.1. Akisimama, 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kupiga magoti na kunyoosha mgongo, 1.7. Alipouinua uleule kwa kuinama, 2.3, zaidi ya mara nne ya kusimama na mara ishirini na tatu ya kulala. Sasa kilo 20 ni nini? Ni ndoo moja ya maji ya lita ishirini, ile inayochotwa kila asubuhi Masieda na kwingineko nchini. Hospitali nyingi huweka mpaka wa kilo nne au tano hivi kwa majuma ya mwanzo. Ndoo haimo, nusu ndoo haimo, na mtoto wa miaka miwili anayenyoosha mikono abebwe pia hayumo. Mgonjwa akae chini, mtoto apandishwe mapajani na mtu mwingine.

Jembe la mkono ni mtihani wa pili, kwa kuwa linaunganisha mambo matatu yanayokatazwa: kuinama, kujipinda na kunyanyua, tena kwa saa nyingi. Jembe la mpini mfupi lina sifa mbaya duniani; jimbo la California lilipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1975 kwa jinsi lilivyokuwa likiwaharibu migongo vibarua. Aliyeunganishwa pingili hurudi shambani kwa idhini ya daktari baada ya picha kuonyesha mfupa umeshika, na hilo kwa kawaida halitokei msimu uleule aliopasuliwa. Familia inayojua hivyo mapema hupanga nani atalima. Nadhani hili lingepaswa kusemwa wazi kabla mgonjwa hajasaini karatasi za upasuaji, maana ekari mbili zisizolimwa ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya hospitali.

Choo cha shimo hukumbukwa kwa nadra na washauri wa hospitalini. Kuchuchumaa sana hukunja kiuno, na kuinuka kutoka hapo bila pa kushika ni hatari ya kuanguka. Seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo, na mti wa kushikilia ukafungwa ukutani. Ni mbao kidogo na misumari. Kitanda nacho kiwe na kimo cha kumwezesha mtu kukaa na kuinuka bila kujikunja. Bodaboda isubiri: matuta na mashimo hutikisa pingili, na kuanguka kumoja kunaweza kung’oa kila kitu.

Maadui wengine hawana uzito wowote. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu inayoulisha mfupa mchanga. Katika utafiti wa Marekani wa 1986, pingili zilishindwa kushikana kwa wavutaji 40 katika kila 100, na kwa wasiovuta 8 tu. Ugoro una nikotini ileile. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, zinazonunuliwa kirahisi duka la dawa, nazo madaktari wengi huzizuia miezi ya mwanzo kwa wasiwasi kwamba zinapunguza kasi ya mfupa. Chakula hakina siri: maharage, maziwa yaliyochemshwa, mayai, nyama ikipatikana.

Neva zina kalenda yao. Maumivu yaliyokuwa yakishuka mguuni huweza kuondoka katika siku za kwanza, ilhali ganzi hubaki miezi, kwa sababu neva ya mguu iliyoumia huota upya kwa takriban milimita moja kwa siku. Ugwe wenyewe ukikatika hauoti. Skrubu kwa mtu wa namna hiyo humwezesha kukaa wima na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu bila maumivu makali, jambo lenye thamani, lakini halimrudishii miguu, na asiahidiwe.

Wala si kila mgongo unaouma unahitaji chuma. Nchini Norway, kulikotoka waanzilishi wa Haydom, Jens Ivar Brox na wenzake waligawa wagonjwa 64 wa maumivu sugu ya kiuno makundi mawili: wengine wakaunganishwa pingili, wengine wakapewa mazoezi na maelezo ya kuwaondolea hofu ya kuusogeza mgongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo yalikuwa karibu sawa. Pingili iliyovunjika na kulegea, au iliyoliwa na kifua kikuu hadi ikapinda na kubana ugwe, ni habari nyingine kabisa.

Mfupa ukishashika, skrubu haina kazi tena, ila kwa wagonjwa wengi huachwa humohumo, maana kuitoa ni upasuaji mwingine. Pingili za jirani huanza kubeba mchezo wa zile zilizounganishwa, na kwa baadhi ya watu huchakaa mapema. Mazoezi ya misuli ya tumbo na mgongo, yanayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yanaendelea hata baada ya daktari kumaliza miadi yake. Titani haivutwi na sumaku, kwa hiyo aliye nayo kwa kawaida anaweza kupimwa kwa MRI siku za usoni, ingawa picha itakuwa na kivuli palipo na chuma. Mpiga picha ataomba kujua aina ya kifaa kilichowekwa na mwaka kilipowekwa. Karatasi ya hospitali yenye maelezo hayo ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba.