Anayepumua si lazima aweze kukohoa

Mtu aliyevunjika shingo, akaumia uti wa mgongo chini ya pingili ya 5 ya shingo, mara nyingi hupumua mwenyewe bila mashine. Huongea, hula, hulala. Hata hivyo mafua ya kawaida yakimshukia kifuani yanaweza kumuua, kwa sababu makohozi hayatoki. Mapafu yake ni mazima, na muwasho kooni anausikia kama sisi, maana neva ya vagasi inayopeleka habari hiyo ubongoni haipiti kwenye uti wa mgongo. Kilichokatika ni njia ya kurudisha amri. Pumzi ya utulivu hutegemea zaidi kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kiwambo huamriwa na neva zinazotoka shingoni, kuanzia ya 3 hadi ya 5. Kikohozi kinadai zaidi ya hapo: kinataka misuli ya tumbo na ya kati ya mbavu, ambayo amri zake hutokea chini zaidi, mgongoni. Ndiyo maana nasema nguvu ya kukohoa haipimwi kwa kuangalia kama mgonjwa anapumua vizuri.

Tazama kinachotokea mtu anapopaliwa na chai. Tone likigusa zoloto, vagasi hupeleka habari hadi medula oblongata, sehemu ya chini ya ubongo. Hapo mtandao uleule unaoendesha pumzi hubadili mpangilio wake. Kwanza kiwambo huvuta hewa kwa nguvu na nyuzi za sauti hufunguka. Kisha nyuzi hizo hufunga kabisa kwa takriban sekunde 0.2, huku misuli ya tumbo na mbavu ikikaza, na shinikizo kifuani huweza kufikia milimita 300 za zebaki. Halafu nyuzi huachia ghafla. Bomba la hewa lenyewe hubanwa na shinikizo hilo likawa jembamba, hivyo hewa hupita kwa kasi zaidi na kung'oa kilichonata. Nyuzi zikiachia mapema, shinikizo lote hupotea.

Mtu atasema: mbona daktari akiniambia nikohoe, nakohoa? Basi ni hiari yangu. Ni kweli ubongo wa juu unaweza kuanzisha kikohozi, na hata kukizuia msikitini au kanisani. Lakini wanyama waliotenganishwa na ubongo wao wa juu katika maabara bado hukohoa bomba la hewa likiguswa. Kwa wagonjwa wa kiharusi njia hizi mbili hutengana: kuna asiyeweza kukohoa akiombwa ilhali akipaliwa anakohoa, na kuna anayekohoa vizuri akiombwa ilhali maji yanaingia mapafuni kimyakimya. Huyu wa pili ndiye wa kuogopewa, na kumwambia tu akohoe hakutoshi kumpa ruhusa ya kunywa uji.

Hoja nyingine ni kwamba misuli ya aliyepooza imekwisha, kwa hiyo suala la neva halina maana tena. Ushahidi unakataa. Huko Cleveland, Marekani, Anthony DiMarco na wenzake walipachika elektrodi kwenye uti wa mgongo wa watu waliopooza, upande wa chini wa kifua. Umeme ulipopita, misuli ilikaza na kikohozi chenye nguvu kikarudi. Ilikuwa ikingoja amri.

Kwa wengi kifaa hicho hakipatikani, ila mikono ipo. Mtu mzima mwenye afya hutoa hewa kwa kasi ya zaidi ya lita 360 kwa dakika anapokohoa. Kasi hiyo ikishuka chini ya 160, makohozi hayasogei. Msaidizi aliyefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia huweka viganja chini ya mbavu, humwacha mgonjwa avute pumzi ndefu, kisha husukuma ndani na juu pale pale anapojaribu kukohoa. Akichelewa kidogo, hewa imeshatoka na msukumo huo haufai kitu.