Motokaa Iliyozaliwa Bandani Nyuma ya Nyumba

Baba anarudi kutoka shambani, anakuta baiskeli yake imefunguliwa yote: mnyororo huku, gololi kule ndani ya bakuli, na kijana wake amekaa katikati ya vyuma, mikono imejaa grisi. Afanye nini? Amchape? Anyamaze? Wasomaji wapenzi, kabla baba huyo hajaamua, nawaomba msome habari ya kijana mmoja wa Uingereza aliyefungua chombo kikubwa kuliko baiskeli, na habari ya watu wa nyumbani waliomwachia nafasi.

Kijana huyo aliitwa Colin Chapman. Alizaliwa mwaka 1928, na baba yake aliendesha hoteli moja katika mtaa wa Hornsey, London. Mwaka 1947 Chapman alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na pamoja na mwenzake alifanya biashara ndogo ya kununua na kuuza motokaa kuukuu. Lakini nchi ilikuwa bado katika shida za baada ya vita. Petroli ilitolewa kwa mgawo, na kabla mwaka haujaisha Serikali ikaufuta mgawo wa kawaida wa wenye magari. Nani basi atanunua motokaa asiyoweza kuitilia mafuta? Biashara ikafa, faida ikayeyuka, na Chapman akabaki na gari moja lisilotakiwa na mtu: Austin 7 kuukuu.

GARI DOGO LENYE HISTORIA

Gari hilo la Austin nalo lilikuwa na asili ya nyumbani. Mwenye kiwanda, Sir Herbert Austin, alitaka gari dogo ambalo hata mtu wa mshahara mdogo angeweza kulinunua. Wakurugenzi wenzake hawakupendezwa na shauri lake. Basi akamchukua kijana mchoraji wa kiwandani, Stanley Edge, wakalichora gari hilo nyumbani kwake. Lilianza kuuzwa mwaka 1922, likaendelea kutengenezwa hata mwaka 1939, na jumla yake yalikaribia 290,000. Injini yake ilikuwa ya sentimeta 747 za ujazo tu, yaani haizidi sana injini ya pikipiki kubwa. Kwa kuwa yalikuwa mengi, mepesi na ya bei ndogo, vijana wengi waliyanunua yakiwa yamechakaa, wakayavua bodi na kuyajenga upya kwa namna waliyopenda.

Hivyo ndivyo alivyofanya Chapman. Mahali pa kazi alipewa na wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, waliokuwa na banda la gari nyuma ya nyumba yao. Hazel mwenyewe alishika spana akasaidia. Chapman aling'oa bodi ya zamani, akabakiza chesi, yaani uti wa chini unaobeba gari zima. Juu yake akajenga bodi mpya ya mbao nyembamba za plaiwudi zilizogandishwa na bati la alumini. Hakutaka bodi iwe kifuniko cha mvua tu. Aliipanga isaidie kubeba nguvu za gari zima, kama mabawa na kiwiliwili cha ndege vifanyavyo. Mwaka 1948 gari likawa tayari, akalipa jina la Lotus, akashindana nalo katika mashindano ya kupanda vilima vya matope.

AKILI KULIKO FEDHA

Gari la tatu, la mwaka 1951, lilionyesha vizuri zaidi nini maana ya kubuni. Injini ya Austin ilikuwa na silinda nne, lakini hewa na petroli viliingia kwa matundu mawili tu, kila tundu likilisha silinda mbili. Basi silinda moja ilinyang'anya chakula cha mwenzake. Chapman hakununua injini kubwa. Aliigawa njia ya kuingilia kwa kipande cha chuma, kila silinda ikapata haki yake, na nguvu ikaongezeka. Gari likawashinda wenzake hata kanuni za mashindano zikabadilishwa ili kukataza jambo hilo.

Tarehe 1 Januari 1952 Chapman alianzisha kampuni yake. Husimuliwa kwamba mtaji ulikuwa paundi 25 alizoazimwa na Hazel, na kiwanda kilikuwa banda la zamani la farasi nyuma ya hoteli ya baba yake. Tuangalie hapa busara moja. Hakuacha kazi yake ya mshahara kwa pupa. Mchana alifanya kazi katika kampuni ya alumini, na magari aliyajenga jioni na mwisho wa juma, mpaka mwaka 1955. Hazel wakaoana naye mwaka 1954.

Mwaka 1957 ikatoka motokaa iliyoitwa Lotus Seven, nayo iliuzwa ikiwa vipande sandukuni ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani. Sababu ilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, bali vipande havikutozwa kodi hiyo. Lakini sheria haikuruhusu kumpa mnunuzi maelezo ya kuunga gari. Husimuliwa kwamba Lotus walitoa maelezo ya kulifungua, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo! Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki ya kulitengeneza gari hilo, na hata leo inaliuza, likiwa zima au likiwa vipande.

BREKI KWANZA

Lakini tusisifu upande mmoja tu. Kijana akipata injini, jambo la kwanza atakalo ni mwendo. Basi na ajue hesabu hii: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika huongezeka mara nne hivi. Katika magari ya Austin 7 ya kwanza, kanyagio la mguu lilishika magurudumu ya nyuma tu, na ya mbele yalishikwa kwa mkono. Hayakuunganishwa mpaka mwaka 1930. Mtu aliyeongeza nguvu ya injini na kuacha breki hizo kama zilivyo alijichimbia kaburi mwenyewe.

Hata mafundi wakubwa hawakusalimika. Timu ya Lotus ilishinda ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya mashindano mara saba, mara ya kwanza mwaka 1963. Hata hivyo, tarehe 5 Septemba 1970, huko Monza nchini Italia, mhimili wa breki ya mbele wa gari la Lotus ulivunjika, na dereva wake, Jochen Rindt, akafa. Alipewa ubingwa wa dunia wa mwaka huo akiwa amekwisha kuzikwa. Chuma kimoja kikilegea, roho ya mtu hupotea.

Kwa sababu hiyo siku hizi Uingereza haimruhusu mtu aliyejenga gari nyumbani kuingia nalo barabarani mpaka wakaguzi wamelitazama: breki, usukani, taa, mikanda ya viti, ncha kali zinazoweza kumkata mpita njia, na hata moshi na kelele. Lisipofaulu, hurudi bandani.

Na huko bandani kuna sheria ambazo fundi yeyote mwenye akili huzishika. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekee stendi imara. Usichomelee chuma karibu na tangi la petroli, hata likionekana tupu, kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Fungua waya wa betri kabla ya kugusa nyaya nyingine. Na kila kitu unachofungua, kichore na ukiandike kwenye daftari: kimetoka wapi, kilielekea upande gani, na skrubu zake ni ngapi.

BABA NA BAISKELI

Sasa turudi kwa baba yetu aliyesimama mbele ya baiskeli yake. Chapman alipata hasara, lakini aliachiwa banda na wazazi wa mchumba, zizi la farasi na baba yake, na paundi chache na mchumba mwenyewe. Hakuna aliyemnunulia motokaa mpya. Walimpa mahali, wakamwachia na wakati, naye akamaliza alichokianza.

Mtoto hawi fundi kwa kufungua tu. Hata mwizi anajua kufungua. Ufundi huonekana katika kurudisha. Basi mzazi, weka fimbo chini, mwulize kijana wako: "Mwanangu, umeandika kila kitu kilikotoka? Utairudisha lini?" Kama ana jibu, mpe kona ya ua na taa ya jioni. Na ikiisha kurudishwa, kabla hajaipanda, mwambie akuonyeshe breki.